Songwe walijua chuma, ila farasi hakuvishwa kiatu

Wadau wa Tunduma, ushawahi kumuona farasi akikatiza pale mpakani? Thubutu! Na sababu yake ni nzito kuliko foleni ya malori.

Tuanze na ukwato. Ni kama kucha: ukuta wake wa nje hausikii maumivu, na unakua karibu sentimita 1 kwa mwezi. Kwenye barabara ngumu unalika haraka kuliko unavyokua, ndo maana farasi akavishwa chuma. Fundi anatoa kiatu cha zamani, anapunguza ukwato na kuusawazisha, kisha anakunja chuma kifuate ukwato. Ukikata ukwato ufuate chuma, umeshaharibu. Misumari inapita kwenye ukuta wa nje tu, ikizama ndani kidogo mnyama anachechemea. Baada ya wiki 6 mpaka 8 kazi inaanza upya.

Sasa Wanyiha wa Mbozi walikuwa wahunzi haswa. Waliyeyusha mawe ya chuma kwenye matanuru ya udongo, wakafua majembe, mashoka na mikuki. Kiatu cha farasi wamfulie nani? Mapori mengi ya nchi hii yalijaa mbung'o, na nagana ikimpata farasi hachukui muda.

Wazungu walilijua hilo kwa hasara. Vita Kuu ya Kwanza ilileta farasi na nyumbu Afrika Mashariki kwa maelfu, wakafa kwa maelfu, viatu vyao vizuri miguuni. Mzigo ukahamia kwa binadamu. Mei 1916, Waingereza walipovuka mpaka upande huu kuelekea Neu Langenburg, yaani Tukuyu ya leo, vyakula na risasi vilikuwa kichwani kwa wapagazi.

Hapa ndo panapouma. Farasi wa jeshi alikuwa na fundi wa kwato zake. Mpagazi alitembea peku, funza vidoleni, njaa na kuhara juu yake. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa wanakadiriwa kufika 95,000, na wengi hawana hata kaburi lenye jina.

Wajerumani walisalimisha silaha Abercorn, ndiyo Mbala, ng'ambo tu ya mpaka, tarehe 25 Novemba 1918. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuwahi kuwafikia ndugu zao.