Bomba Refu, Bomba Fupi

Kijana alifika gereji moja ya Tandika, Dar es Salaam, na Toyota Mark II yake, ile GX110 ya silinda sita. Mkononi alishika manifoldi ya hewa aliyoinunua kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, mabomba yake mafupi, manene, yanang'aa. Alitaka ifungwe siku hiyohiyo. Fundi akaipokea, akapitisha kidole tundu moja baada ya jingine, kisha akauliza: "Mdogo wangu, gari hii unaendeshea wapi?"

"Mbagala na Posta, kila siku."

Tangu siku ile nimeamini kwamba swali hilo ndilo mwanzo wa ufundi wote wa manifoldi, na kila nchi imelijibu kwa barabara zake.

Manifoldi ni mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda, na hewa ina uzito. Vali ikifungwa ghafla, hewa iliyokuwa ikikimbilia silinda inajigonga, na wimbi la mgandamizo linarudi nyuma ndani ya bomba kwa kasi ya sauti, linafika mwisho, linageuka. Likirejea vali inapofunguka, linasukuma ndani hewa ya ziada, na injini inapata nguvu ya bure. Bomba refu lina safari ndefu, hivyo linaifaa injini inayozunguka taratibu. Bomba fupi linangoja resi kubwa.

Wamarekani walilijibu swali hilo jangwani. Vic Edelbrock, aliyetoa manifoldi yake ya kwanza mwaka 1938 kwa ajili ya Ford V8, alikimbiza gari lake kwenye ziwa kavu la Muroc, California, tambarare isiyo na tuta wala foleni. Ukiwa na uwanja wa namna ile, nguvu ikichelewa kuja huna hasara.

Lakini hata wao walijua bei ya bomba fupi. Mwaka 1960 Chrysler walitoa gari la 300F, lenye injini ya lita 6.8 na mabomba ya hewa yenye urefu wa karibu sentimita 76 yakipishana juu ya injini kama mikono iliyokunjwa kifuani. Ilitoa nguvu ya farasi 375. Kwa wachache waliotaka zaidi, kiwanda kiliondoa sehemu ya kuta za ndani, urefu unaofanya kazi ukabaki nusu, na nguvu ikapanda hadi farasi 400. Kwa nje huwezi kuzitofautisha. Ila ile ya mabomba marefu ilifikia kilele cha kuvuta kwenye mizunguko 2,800 kwa dakika. Ile ya mafupi ilisubiri hadi 3,600, na hata hapo haikuvuta kama mwenzake. Farasi 25 za juu zililipiwa kwa nguvu ya chini, ile inayoondoa gari lilipo.

Wajapani, ambao miji yao imebanana kama Kariakoo, hawakukubali kuchagua. Toyota waliweka njia mbili ndani ya manifoldi moja: vali ndogo inayoendeshwa na vakyumu, ambayo ikifungwa hewa inalisikia bomba kuwa refu, ikifunguliwa linakuwa fupi. Mfumo huo wanauita ACIS, na umo kwenye injini ya 1G-FE ya GX110. Kijana alikuwa nao tayari chini ya boneti yake.

Fundi alimwonyesha. Hozi ya vakyumu, nyembamba kuliko kidole cha mtoto, ilikuwa imekakamaa kwa joto na kupasuka pale inapochomekwa. Vali ilikuwa imeganda mahali pamoja, na gari yenye njia mbili imekuwa ya njia moja. Ndiyo maana ilikuwa nzito kuchomoka, na ndiyo maana mwenyewe akaenda kununua manifoldi.

Mwenye gari la mashindano matupu namwachia bomba lake fupi, linamfaa. Ila Barabara ya Kilwa ina matuta, taa, vituo vya daladala, na mwendo wa kisheria wa kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Anayepita hapo anaishi kwenye resi ya chini, na manifoldi ya kiwanda inamhudumia kuliko ile inayong'aa.

Kwa hiyo, wewe mwenye GX110, kabla hujatoa hela Gerezani, fungua boneti umwombe fundi aikague ile hozi. Kama imepasuka, anza na hiyo.