Kikohozi cha Anayeacha Sigara: Hoja Kuhusu Koo, Sauti na Muda

Katika vituo vya daladala vya Mbagala Rangi Tatu, Tandika na Tegeta, jijini Dar es Salaam, sigara huuzwa moja moja, na muuzaji hujitangaza kwa kuchezesha sarafu kiganjani. Wanunuzi wake wengi ni watu wanaoishi kwa sauti zao: wapigadebe, makondakta, wauza mitumba wanaonadi juani kutwa nzima. Mmoja wao akiamua kuacha, mara nyingi kitu cha kwanza anachokiona si nafuu. Koo linamuwasha, makohozi yanaongezeka, sauti inakwaruza, pengine na vidonda vinamtoka mdomoni. Wenzake huwa na jibu tayari: mwili umeshazoea, ukiukatia ghafla unaugua, vuta hata moja koo litulie. Hoja yangu ni kwamba ushauri huo umejengwa juu ya dalili za kweli zilizofasiriwa kinyume. Lakini nina hoja ya pili, ambayo watoa elimu ya afya huipita haraka: jibu lao la kawaida, kwamba hizo ni dalili za kupona na kinachotakiwa ni uvumilivu, halitoshi katika jiji lenye kifua kikuu kingi. Dalili hizi zina muda wake, na asiyeambiwa muda huo hajaelimishwa.

Tuanze na kikohozi chenyewe. Njia ya hewa ina vijinywele visivyoonekana kwa macho, vinavyopepea usiku na mchana kusukuma ute na uchafu kuelekea kooni. Moshi wa sigara una akrolini na sianidi ya haidrojeni, kemikali zinazovidumaza vijinywele hivyo, na wakati huohuo ukuta wa njia ya hewa huchochewa kutoa ute mzito zaidi. Moshi ukikoma, vijinywele huanza kurudia kazi katika wiki za mwanzo, na shehena iliyolala chini hupandishwa juu. Mishipa ya fahamu ya koo nayo huzinduka. Mwaka 2006 Peter Dicpinigaitis na wenzake walichapisha katika European Respiratory Journal matokeo ya kuwapima watu walioacha kuvuta, wakiwavutisha kapsaisini, kemikali inayoipa pilipili ukali wake. Ndani ya wiki 2 tu kiasi kidogo zaidi kilitosha kuwakohoza. Jambo hili lina uzito mkubwa kwa hoja yetu. Mvutaji alikuwa hakohoi inavyostahili kwa sababu kinga ya koo lake ilikuwa imefifishwa, na utulivu alioupata kwa kila sigara ulikuwa ganzi. Sigara za menthol, kama ile Sweet Menthol ambayo wengi huiita SM, huzidisha udanganyifu huo, kwa kuwa menthol huamsha vipokezi vya ubaridi na kuufunika mkwaruzo wa moshi. Anayeamini kwamba sigara hizo ni laini kwa koo anapima madhara kwa kipimo kilekile ambacho menthol imekichezea.

Kuhusu koo kuuma na vidonda vya mdomo, Michael Ussher na wenzake waliripoti katika jarida la Tobacco Control mwaka 2003 kwamba dalili zinazofanana na mafua, pamoja na vidonda hivyo, huongezeka baada ya mtu kuacha. Hapa lazima tuwe waadilifu. Aliyeko Mbagala anayesema aliugua koo alipoacha hatungi, na kumbishia ni kupoteza imani yake bure. Kosa liko katika hatua inayofuata, pale anapoyahesabu maumivu ya wiki chache kuwa ushahidi dhidi ya miaka mingi ijayo. Hatari ya ziada ya saratani ya mdomo, koo na zoloto hupungua kwa nusu kati ya mwaka wa 5 na wa 10 baada ya kuacha. Faida kubwa kiasi hicho haina dalili ya kuihisi. Saratani ambayo haikutokea haiwashi wala haiumi, ilhali kidonda cha ulimi kinauma kwa kila tonge la ugali.

Sauti ina mwenendo wake, na ndipo ahadi za haraka zinapoumbuka. Chini ya utando wa juu wa nyuzi za sauti kuna tabaka laini lililopewa jina la Friedrich Reinke, mwanaanatomia wa Ujerumani aliyelieleza mwaka 1895. Moshi wa miaka mingi hulijaza tabaka hilo majimaji mazito. Nyuzi hunenepa, hutetemeka polepole, na sauti huwa nzito na ya kukwaruza. Mwanamke hulitambua badiliko hili mapema kuliko mwanamume: akipiga simu anaitikiwa kwa jina la kaka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 14.6 ya wanaume wazima na asilimia 3.2 ya wanawake wanatumia tumbaku, kwa hiyo wanawake hawa ni wachache, na kwa uchache wao, pamoja na aibu wanayobebeshwa, hujieleza kwa nadra mbele ya daktari. Mvutaji akiacha, uvimbe huacha kukua na huweza kupungua, na mkwaruzo hulegea. Lakini uvimbe wa muda mrefu haunywei wote, na wengine huhitaji upasuaji. Mpigadebe naye ana mzigo wa pili, kwa sababu kupaza sauti kutwa juu ya kelele za injini kunaziumiza nyuzi zilezile. Kumwahidi kwamba sauti yake ya ujana itarudi baada ya mwezi ni kumwandalia sababu ya kurudia. Ahadi ya kweli ni ndogo zaidi, na inatosha: madhara yataacha kuongezeka, na hatari ya saratani itashuka.

Wapo watakaouliza kuna faida gani kuacha sigara kwa anayeishi Tegeta, jirani na kiwanda cha saruji cha Wazo, au kwa mama ntilie wa Temeke anayeinamia jiko la mkaa tangu alfajiri. Swali ni zito, na serikali yenyewe imekiri ukubwa wa tatizo kwa kuandaa mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034. Lakini vumbi na moshi wa jiko havifuti madhara ya tumbaku, vinajumlika nayo. Tena mvutaji huuvuta moshi wake kwa makusudi hadi ndani ya mapafu, mara nyingi kwa siku, na ndio mzigo pekee kati ya hiyo anaoweza kuutua mwenyewe bila kusubiri mkakati wa mtu. Ninachokubali ni kwamba koo la mama ntilie litapona taratibu kuliko vitabu vinavyosema, na anayemshauri ana wajibu wa kumwambia hivyo.

Sasa lile la kifua kikuu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu, na uvutaji wenyewe humwongezea mtu hatari ya kuupata. Kanuni inayofuatwa nchini ni kwamba anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi achunguzwe, na mwenye virusi vya UKIMWI achunguzwe hata akikohoa kwa muda mfupi zaidi. Kikohozi cha anayeacha sigara kinaweza kuvuka wiki 2 bila ubaya wowote. Hata hivyo mlango huohuo wa wiki 2 ndio wa kifua kikuu. Ukimwambia mtu wa Tandika, katika nyumba yenye familia kila chumba, kwamba kukohoa ni kupona, umempa sababu nzuri ya kutopeleka makohozi yake kupimwa. Basi ashauriwe vyote viwili: asirudie sigara, na makohozi yake yapimwe, hata kama majibu yatakuwa hana kitu. Vivyo hivyo sauti: iliyopwelea kwa zaidi ya wiki 3 au 4 inahitaji daktari wa masikio, pua na koo aitazame zoloto, kwa kuwa saratani ya nyuzi za sauti ikikamatwa mapema hutibika vizuri, na ikichelewa mgonjwa hufika akihema kwa shida, akisubiri kutobolewa koo ili apumue.

Pingamizi la mwisho ni la wahudumu wenyewe: ukimtajia mtu dalili zote hizi utamtisha asiache kabisa. Naona kinyume chake. Anayepata kidonda cha mdomo bila kutarajia ataamini waliomwambia sigara ilikuwa dawa. Aliyekwisha kuambiwa atakihesabia siku. Ussher na wenzake nao walihitimisha kwamba waachaji waelezwe mapema. Na uwezo wa kumshika mkono mtu mwenye arosto, yaani mateso ya kuacha kilevi, tunao. Hospitali za Mwananyamala na Temeke zina kliniki za methadone, ambako aliyeacha heroini anatarajiwa kuugua, anaelezwa kwa nini, na anaonwa kila siku na watu wanaomfahamu. Mvutaji wa sigara hahitaji uangalizi mkali kiasi hicho. Anahitaji mazungumzo ya dakika chache siku anayoamua, tarehe ya kurudi baada ya wiki 2, na kopo la makohozi likimsubiri iwapo bado anakohoa.