Imani na Tiba Katika Njia ya Msafara: Mwanzo wa Ukristo Unyamwezi

Njia ya msafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kufika Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, inakumbukwa zaidi kwa pembe za ndovu, watumwa na wapagazi wa Kinyamwezi, lakini katika robo ya mwisho ya karne ya 19 ndiyo iliyopitisha pia Ukristo, dini iliyoingia katika nchi ambamo mwenye kudai uwezo wa kiroho alitarajiwa kuuthibitisha kwa kuponya.

Unyamwezi wa wakati huo haukutenga tiba na mamlaka. Mtemi, yaani mtawala wa nchi, ndiye aliyebeba dhamana ya mvua na rutuba ya ardhi. Mfumu, yaani mganga mwenye kuagua, alianza kwa kutafuta kama chanzo cha ugonjwa ni mizimu iliyonyimwa tambiko au ni uchawi, ndipo akatoa dawa. Na chama cha Baswezi kiliwapokea waliopandwa na pepo, wakapata nafuu kwa kuingizwa katika chama chenyewe. Ugonjwa ulihesabiwa kuwa uhusiano ulioharibika, na aliyeweza kuutengeneza alisikilizwa katika mambo mengine pia.

Katika mazingira hayo walifika, mwaka 1878, Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Charles Lavigerie huko Algiers mwaka 1868. Lavigerie, aliyewahi kufundisha historia ya Kanisa katika chuo cha Sorbonne, Paris, aliagiza kwamba ubatizo utanguliwe na miaka minne ya maandalizi, akirudisha ukatekumeni wa kale, yaani kipindi cha mafundisho na majaribio ambacho Wakristo wa karne za kwanza walikipitia kabla ya kupokelewa. Hata hivyo Kanisa hilo la kale lilikuwa na jambo jingine ambalo Wanyamwezi wangelielewa upesi zaidi: katika barua ya mwaka 251 hivi, Papa Kornelio alitaja kuwa Roma ilikuwa na mapadre 46, na kwamba wapunga pepo, wasomaji na mabawabu walifika 52, hesabu inayoonyesha kuwa kuwashughulikia wenye pepo ilikuwa kazi rasmi ya Kanisa. Lavigerie hakuujaza uwanja huo kwa wapunga pepo; aliwaandaa vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani, akawapeleka Malta kusomea utabibu, ili warudi wakiwa katekista na matabibu kwa pamoja.

Waprotestanti nao waliitambua nguvu ya tiba. Daktari Ebenezer Southon wa London Missionary Society alikaa Urambo kuanzia mwaka 1879 kwa ridhaa ya mtemi Mirambo, ambaye hakubatizwa hadi kifo chake mwaka 1884. Lakini heshima aliyoipata Southon ilikuwa ya mtu mmoja, na alipofariki mwaka 1882 kwa jeraha la risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya, misheni ilipoteza nguzo yake kuu. Mwaka 1898 kituo hicho kilikabidhiwa kwa Wamoravian.

Mfano uliodumu ni wa Adrian Atiman, aliyezaliwa karibu na mto Niger, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa ng'ambo ya Sahara na kukombolewa na Mapadre Weupe, kisha akasoma Malta na kufika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Huko alitibu na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956. Alioa huko huko, na mwanawe akawa padre. Kwa miaka ipatayo 67 mtu yule yule aliosha vidonda na kufundisha sala, naye hakuwa askofu wala padre.

Kwa hiyo mamlaka ya kiroho ya Ukristo magharibi mwa Tanzania hayawezi kuelezwa kwa maagizo ya Algiers au London peke yake. Yalijengwa pale ambapo mganga mgeni alikubali kubaki na wagonjwa wake na kujulikana nao, katika jamii ambamo aliyeweza kutibu alisikilizwa katika mambo mengine pia. Na historia inayowataja maaskofu huku ikiwapita katekista na matabibu inaacha nje watu waliowafanya wenyeji waiamini dini hiyo.