Duka la Vitu Vilivyotumika na Paa la Asiye na Makao: Tuliyojifunza Kabla ya Kufungua Letu

Ndugu zetu wa Upare, mlio mijini na mliobaki milimani,

Kila mwisho wa mwaka, kabla mabasi ya kwenda Mwanga na Same hayajajaa, wanachama huleta viroba vya nguo, viatu na vyombo kwa ajili ya nyumba ya hifadhi tunayoisaidia kule nyumbani. Wengi mnawafahamu wanaolala pale. Ni wazee ambao watoto wao wamepotelea mijini, mjane aliyetolewa kwenye nyumba ya marehemu mumewe, na kijana aliyekuwa akilala stendi. Tunaleta kwa moyo mweupe. Lakini mwaka jana, sisi wa kamati ya fedha tulipokwenda kukagua, tulikuta stoo imejaa hadi kwenye dari. Kulikuwa na suti za harusi, viatu vya visigino virefu na pasi za umeme. Siku hiyohiyo mlezi alitueleza kwamba unga ulibaki wa siku mbili, na bati tatu zilikuwa zinavuja.

Kwa hiyo tunavyo vitu ila fedha hatuna. Ndipo katika mkutano mkuu likaja pendekezo: kwa nini tusifungue duka, tuuze vile viroba, na faida iende kwenye nyumba ya hifadhi? Tuliombwa tutoe ushauri. Kwa kuwa wengi wetu katika kamati ni watu wa hesabu, tuliona kwanza tuangalie waliotutangulia. Duka la namna hii si jambo jipya. Lina zaidi ya miaka mia moja, na mkia wake umefika hadi kwenye magulio yetu.

Walioanza

Mwaka 1865 William Booth na mkewe Catherine walianza kazi ya injili na huruma mashariki mwa London, mtaa wa mafukara. Mwaka 1878 kazi hiyo ikapewa jina la Jeshi la Wokovu, hilihili tunaloliona Mgulani, Dar es Salaam, na lililoingia Tanganyika mwaka 1933 kupitia Tabora. Mwaka 1888 walifungua Limehouse, karibu na bandari ya London, mahali ambapo asiye na makao aliweza kupata chakula na kulala kwa bei ndogo sana. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1890, Booth alipendekeza kwamba wasio na kazi wapite nyumba kwa nyumba wakusanye vitu ambavyo wenye navyo hawavitaki tena. Wazo hilo lilivuka bahari. Mwaka 1897 jijini New York, wanaume waliokuwa wakilala kwenye hifadhi ya Jeshi la Wokovu walianza kutoka na mikokoteni, wakirudi na nguo na samani mbovu. Walivitengeneza, vikauzwa, na fedha zikalipia vitanda walivyolalia.

Mwaka 1902 mchungaji wa Kimethodisti aitwaye Edgar Helms alifanya kitu kama hicho mjini Boston, Marekani. Aligawa magunia kwa familia zenye uwezo, nao wakayajaza vitu wasivyovihitaji. Maskini wa mtaa wake waliajiriwa kushona na kukarabati. Vilivyotengenezwa vikauzwa kwa bei nafuu, na mapato yakalipa ujira wa mafundi. Kazi hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Goodwill.

Tunaomba mwangalie jambo moja hapo. Booth na Helms hawakuishia kugawa nguo bure. Mtu akinunua koti, hata kwa senti chache, anachagua mwenyewe na anatoka dukani akiwa mteja. Mjane wetu ana haki ya heshima hiyohiyo.

Duka la Oxford na kijiji cha Litowa

Habari ya pili inatoka Oxford, Uingereza. Mwaka 1942, wakati wa vita kuu ya pili, watu wachache walikutana katika kanisa la Mtakatifu Maria wakaunda kamati ya kuwasaidia wenye njaa nchini Ugiriki. Kamati hiyo ndiyo Oxfam ya leo. Vita ilipokwisha walipokea vitu vingi kuliko walivyoweza kupeleka. Mwaka 1947 wakapata chumba namba 17, Broad Street, na mapema mwaka 1948 duka lilikuwa linauza. Mhimili wa kamati yao alikuwa mfanyabiashara, Cecil Jackson-Cole, mtu aliyeamini kwamba hisani nayo iendeshwe kwa nidhamu ya biashara. Mwaka 1949 walimwajiri Joe Mitty kwa mshahara aendeshe duka hilo. Walijua kwamba duka la kujitolea peke yake hufunguliwa Jumatatu, na Jumatano likakutwa na kufuli.

Fedha za Oxfam zilifika hadi kwetu. Katika miaka ya 1960 shirika hilo lilisaidia vijiji vya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kikiwamo Litowa kule Songea, hadi chama hicho kilipovunjwa mwaka 1969. Koti lililoachwa na mtu asiyewahi kusikia jina Songea liliweza kugeuka msaada kwa mkulima wa Songea, kwa sababu tu katikati palikuwa na duka na daftari.

Mshahara wa mtu mmoja ulipokatika

Habari iliyotugusa kuliko zote ni ya Ufaransa. Mwaka 1949, katika nyumba kubwa iliyochakaa huko Neuilly-Plaisance, nje kidogo ya Paris, padri aliyejulikana kama Abbé Pierre alianza kupokea wasio na makao. Wa kwanza alikuwa Georges, mtu aliyetoka kifungoni na kujaribu kujiua. Padri alimwambia kwamba hana cha kumpa, ila anahitaji mtu wa kumsaidia kujengea wengine. Ndivyo ilivyoanza jumuiya ya Emmaus.

Wakati huo padri alikuwa mbunge, na posho yake ndiyo iliyowalisha watu wote mle ndani. Mwaka 1951 akapoteza kiti. Posho ikakatika, naye akaanza kuomba barabarani. Wakazi wa nyumba ile ndio waliokataa hali hiyo: wao walijua kuokota makaratasi, chuma chakavu na matambara, na kuyauza. Wakaifanya kazi hiyo kuwa ya jumuiya nzima, na hadi leo jumuiya nyingi za Emmaus hujiendesha kwa kuchambua, kutengeneza na kuuza vitu vilivyotumika.

Baridi ya mwaka 1954 ilikuwa kali. Tarehe 1 Februari Abbé Pierre alitangaza redioni kwamba mwanamke amekufa kwa baridi barabarani Paris, mkononi ameshika karatasi ya kufukuzwa kwenye chumba chake. Wafaransa walileta mablanketi, mahema na fedha kwa wingi mno. Mwaka 1956 ikapitishwa sheria ya kuzuia watu kutolewa kwenye nyumba wakati wa baridi.

Hatuwezi kusimulia nusu ya habari. Mwaka 2024 Emmaus wenyewe walichapisha matokeo ya uchunguzi yenye shutuma za wanawake kwamba padri huyo, aliyefariki mwaka 2007, aliwanyanyasa kingono. Shutuma nyingine zikafuata, na taasisi iliyobeba jina lake ikaamua kuliacha. Nasi tuseme wazi: nyumba ya hifadhi ina watu wasio na mtetezi, kwa hiyo jina kubwa la mtu lisichukue nafasi ya ukaguzi, awe mlezi, mfadhili au kiongozi wa chama hiki.

Kwetu pia, tukiwa wakweli, sehemu kubwa ya chakula cha nyumba ya hifadhi inategemea wafadhili wawili. Ni watu wema. Lakini mmoja ameshastaafu, na hakuna anayejua lini posho itakatika.

Mkia wa duka hilo ni mtumba

Maduka haya ya Ulaya na Marekani hayamalizi kuuza vyote yanavyopewa. Vinavyobaki huuzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara, vinafungwa kwenye marobota na kupandishwa meli. Hapo ndipo tunapoingia sisi. Wenye umri wetu tunakumbuka wazazi wakisimulia foleni za kitenge na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kisha ikaja bajeti ya mwaka 1984, wakati Waziri wa Fedha akiwa Cleopa Msuya, mtoto wa Mwanga, ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa. Milango ikafunguka, na mtumba ukatapakaa hadi kwenye magulio ya milimani. Leo nani kati yetu hajapanga safari ya Memorial pale Moshi kutafuta koti la baridi?

Kwa hiyo tumekuwa wateja wa mwisho wa maduka ya hisani kwa miaka arobaini. Viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliwahi kukubaliana, mwaka 2016, kuuondoa mtumba hatua kwa hatua. Rwanda ilipopandisha ushuru, Marekani ikaisimamishia mwaka 2018 nafuu ya kuuza nguo zake huko bila ushuru. Tanzania haikufika mbali hivyo. Mtumba umebaki, na umebaki kuwa ajira.

Hapa tulibishana sana katika kamati. Mmoja wetu alikumbusha kwamba aliyesomeshwa kwa mtumba hawezi kufungua duka la kumuua mama muuza mtumba. Ni kweli. Sisi tunapata vitu bure, yeye amekopa VICOBA kununua robota. Tukiuza shati kwa bei ya kutupa siku ya gulio, tutakuwa tumemtoa mjane mmoja barabarani na kumwingiza mwingine. Tulikubaliana kwamba nguo za kawaida tuwauzie akina mama hao kwa jumla, kwa bei wanayoweza kupata nayo faida, na duka letu lishughulike na vile ambavyo mtumba hauleti kwa wingi: samani, vyombo, vitabu vya shule, cherehani na vitanda.

Hesabu ilivyo

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano wa kukadiria tu. Tuseme kiroba kimeuzwa shilingi 60,000. Toa nauli ya mzigo 10,000, sehemu ya kodi ya chumba 12,000, ujira wa muuzaji 15,000, na sabuni, sindano na uzi 3,000. Kinachobaki ni shilingi 20,000. Wengine watavunjika moyo kwamba theluthi mbili imeliwa na duka. Sisi tunaona kwamba kiroba kilichokaa stoo kingetoa sifuri, na panya wangekuwa wa kwanza kufaidi.

Tunapendekeza mambo matatu, yote yametokana na historia hii. Kwanza, muuzaji alipwe, kama alivyolipwa Joe Mitty, na ikiwezekana atoke miongoni mwa wanaoishi kwenye hifadhi, kama wenzao wa New York na Neuilly-Plaisance. Pili, akaunti ya duka na akaunti ya nyumba ya hifadhi zitenganishwe, risiti itolewe kwa kila mauzo, na hesabu zibandikwe ukutani dukani kila mwezi ili hata asiye mwanachama asome. Tatu, tulete kinachofaa kuuzwa. Shati lisilo na kifungo linashoneka. Shati lililochanika mgongoni ni tambara, na nauli ya kulipeleka Upare ingenunua kilo kadhaa za unga.

Ndiva yetu

Wazee wetu hawakuwa na mito mikubwa. Walikuwa na vijito vyembamba ambavyo, vikiachwa vitiririke, havifiki hata shamba la pili. Wakajenga ndiva. Usiku maji yakakusanywa kidogo kidogo, asubuhi yakafunguliwa kwa zamu, na mahindi ya bondeni yakanywa. Tope likijaa, ilipigwa mbiu ya msaragambo, kila kaya ikatoa mtu na jembe, na asiyekuja alijulikana.

Duka hili tunaliona kama ndiva. Kiti ulichokiacha kwenye veranda ya Mbezi, sufuria ya zamani ya Arusha na cherehani ya marehemu bibi ni vijito vinavyopotea kila kimoja peke yake. Vikikusanywa mahali pamoja, penye mlinzi na zamu, vitafika kwa yule mama aliyetolewa nyumbani kwake.

Mwaka huu, basi, fomu iliyo ndani ya kijitabu hiki ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya mchango wa fedha, maana kodi ya chumba ya miezi sita ya mwanzo lazima ilipwe kabla hatujauza hata kijiko. Sehemu ya pili ni ya vitu: andika unachotoa na hali yake, nasi tutakujibu kama kinauzika. Atakayetoa atapata risiti, na mkutano ujao atasomewa kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, hadi shilingi ya mwisho.

Kama hesabu zetu zitakuwa na kasoro, tuulizeni mbele ya watu. Ndiva huzibuliwa na wote.