Ndoo ya kinyesi ilikuwa na bei

Katikati ya karne ya 19, jijini London kulikuwa na watu waliopata riziki yao kwa kuokota kinyesi cha mbwa barabarani. Henry Mayhew, aliyeandika habari za maskini wa jiji hilo mwaka 1851, anaeleza kwamba walikipeleka kwenye viwanda vya ngozi vya Bermondsey, na ndoo moja iliwapatia peni 8 hadi 10, au hata shilingi nzima kikiwa cha aina iliyopendwa. Watengeneza ngozi walikitumia kulainisha ngozi zilizokwisha kutolewa nywele kwa chokaa. Walijua kinafaa, ila hawakujua kwa nini. Habari hii inachefua, lakini ndiyo inayofaa kufungulia historia ya vimeng'enya vya bakteria na kuvu vinavyoweza kuozesha nywele, manyoya ya kuku, kwato na pembe. Kwa miaka zaidi ya sitini wataalamu wamejua kwamba vimeng'enya hivyo vipo na vinafanya kazi, lakini taka zenyewe nyingi bado zinachemshwa, zinachomwa au zinamwagwa. Sababu kubwa tutaiona katika daftari la hesabu la mwenye kiwanda kuliko katika maabara.

Tuanze na kile kilichofanikiwa. Mwishoni mwa karne hiyo ya 19, Joseph Turney Wood, mtaalamu wa ngozi wa Nottingham, alionyesha kwamba kazi ya kinyesi ilikuwa kazi ya bakteria na vimeng'enya. Nchini Ujerumani, mkemia Otto Röhm, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha gesi cha Stuttgart, aligundua kwamba maji machafu ya gesi yananuka kama kiwanda cha ngozi, akadhani siri imo katika kemikali zinazotoa harufu ile. Alijaribu maji hayo, yakamwangusha. Hapo ndipo alipogeukia vimeng'enya vya kongosho la mnyama, na mwaka 1907 yeye na mwenzake Otto Haas wakaanzisha kampuni ya kuuza unga wa vimeng'enya hivyo, Oropon. Unga huo ulishika soko haraka, na sababu iko wazi: kinyesi kilinunuliwa kwa fedha taslimu, ubora wake haukutabirika, na pipa likizidi kuchacha ngozi ziliharibika. Hasara yote ilimwangukia mtengeneza ngozi mwenyewe.

Msomaji makini atapinga hapa: Oropon ililainisha ngozi tu, haikuyeyusha unywele hata mmoja. Ni kweli, na tofauti hiyo ina uzito. Keratini, protini inayojenga nywele na manyoya, imefungwa kwa vifundo vya salfa, ile ile inayotoa harufu kali unywele unapoungua. Vimeng'enya vya kawaida vya tumboni haviwezi kuipenya mpaka vifundo hivyo vifunguliwe. Mwaka 1934, David Goddard na Leonor Michaelis walithibitisha kwamba sufu ikifunguliwa vifundo kwa kemikali, vimeng'enya vya kawaida huimeng'enya bila shida. Kisha mwaka 1959, Noval na Nickerson wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, wakaeleza jinsi Streptomyces fradiae, kijidudu cha udongoni kilichokwisha kufahamika kwa kutoa dawa ya neomisini, kinavyokula sufu ambayo haikuguswa na kemikali yoyote. Kwa hiyo tangu mwaka huo hakuna aliyeweza kusema kwamba asili haina ufunguo wa kufuli hili.

Ufunguo wa pili ulipatikana Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina. Profesa Jason Shih alikuwa na mtambo wa kuzalisha gesi kutoka kwenye kinyesi cha kuku, na manyoya yaliyoingia humo yalikuwa yakitoweka. Mwaka 1990 yeye na wenzake walitangaza bakteria aliyehusika, aina ya Bacillus licheniformis. Jeni ya kimeng'enya chake iliposomwa, ilionekana ni ndugu wa karibu sana wa subtilisini, kimeng'enya kilichopatikana katika maabara ya Carlsberg, Denmark, mwaka 1947, na ambacho tangu miaka ya 1960 kimo katika sabuni za unga. Ndugu yake alikuwa akifua nguo majumbani wakati manyoya yanarundikana machinjioni. Na kampuni iliyoanzishwa mwaka 1999 kutokana na utafiti huo ilipotafuta soko, ililipata hasa katika chakula cha kuku, ambamo kimeng'enya humsaidia kuku kusaga protini za kawaida. Huko kuna mfugaji anayehesabu kila kilo ya chakula, naye yuko tayari kulipa ili isipotee. Rundo la manyoya halina mnunuzi wa namna hiyo.

Watu wa viwandani wana majibu yao, na hayafai kupuuzwa. Watasema mvuke wenye shinikizo hugeuza manyoya kuwa unga wa mifugo kwa saa chache, wakati bakteria wa Shih walihitaji siku kadhaa. Watasema pia kwamba kimeng'enya kisichochaguliwa vizuri hula kolajeni, na kolajeni ndiyo ngozi yenyewe. Yote ni kweli. Lakini unga wa mvuke hupoteza sehemu ya asidi amino muhimu. Na katika ngozi, kimeng'enya kizuri hakihitaji hata kuyeyusha unywele: hulegeza shina lake, ukang'oka mzima na kuchujwa. Chokaa na salfidi ya sodiamu huugeuza uji unaoingia katika maji machafu, na maji hayo yakikutana na asidi hutoa gesi inayoweza kuua mfanyakazi. Njia ya kemikali inaonekana rahisi kwa sababu sehemu ya gharama yake haimo katika hesabu.

Ushahidi uko Tamil Nadu, India, ambako viwanda vya ngozi vilichafua Mto Palar hadi visima vya wakazi vikaharibika. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba anayechafua ndiye alipe, ikakitoza kila kiwanda faini ya rupia 10,000 na kuagiza visafishe maji yake au vifungwe. Ni kiasi kidogo, lakini uchafu wa mto uliingizwa katika hesabu za kiwanda, pale pale ambapo kule Bermondsey iliandikwa bei ya ndoo ya kinyesi. Röhm hakuhitaji mahakama, kwa kuwa waokota kinyesi walidai malipo yao kila asubuhi. Mto hauwezi kudai, na ndiyo maana vimeng'enya hivi vimesubiri.