Kipimo cha Jeraha: Historia Fupi ya Fidia Butembo na Beni

Mtu akigongwa na pikipiki katika mojawapo ya barabara za Butembo, swali la kwanza la wale wanaokusanyika si nani mwenye kosa, bali ni nani atakayemtunza. Neno matunzo, ambalo katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo lina maana ya tiba pamoja na gharama zake, hutangulia maneno mengine yote. Neno fidia, ambalo wanasheria wa Dar es Salaam na Nairobi hulitumia kila siku, husikika hapa redioni na katika semina, lakini ni mara chache kulisikia katika vinywa vya ndugu wa aliyeumia. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hali hiyo ilivyotokea, kwa sababu tofauti ya maneno hayo mawili si ya msamiati tu. Matunzo huisha siku ambayo mgonjwa anatoka hospitalini. Fidia, kwa maana yake kamili, yapasa kuangalia pia siku zinazofuata.

Tuanze na maneno yenyewe, kwani ndiyo kazi tuliyoisomea. Fidia imetoka katika Kiarabu, ambako ni malipo ya kumkomboa mtu au ya kuziba pengo la ibada iliyokosekana. Jirani yake ni diya, yaani mali inayotolewa kwa ajili ya damu iliyomwagika, nayo ina viwango vyake katika fikihi. Katika pwani maneno hayo yalikuwa na kadhi nyuma yake. Yaliposafiri hadi bara pamoja na biashara, yalisafiri peke yake, kadhi akabaki pwani. Kwa hiyo Mnande wa Beni alilipokea neno, kama alilipokea, bila taasisi iliyolipa uzito.

Taasisi aliyokuwa nayo ni nyingine. Katika jamii ya Wanande, ambao hujiita pia Wayira, mashauri ya ukoo yalisikilizwa katika ekyaghanda, nyumba ya mikutano, mbele ya wazee. Malipo yalihesabiwa kwa mbuzi. Msomaji asidhani kwamba hesabu ya mbuzi ni hesabu duni. Mbuzi huzaa, aliyelipwa mbuzi alipata kitu kinachoendelea kumlisha baada ya kidonda kufunga. Tena deni halikuwa la mtu mmoja bali la ukoo mzima, jambo lililofanya ufukara wa mkosaji usiwe kisingizio. Walakini wazee hawakumpima kila mtu kwa kipimo kimoja, na anayetaka kuusifu utaratibu huo awaulize kwanza wanawake na wageni.

Sheria iliyoandikwa nayo si ngeni kama inavyodhaniwa. Amri ya 30 Julai 1888, iliyotolewa zama za Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II, ndiyo iliyoweka kanuni za mikataba na wajibu. Kifungu chake cha 258 kinasema, kwa maana yake, kwamba tendo lolote la mtu linalomletea mwingine madhara humlazimu yule aliyekosa kuyarekebisha. Kifungu cha 259 kinaongeza uzembe na kutojihadhari, na kile cha 260 kinamfanya mtu awajibike pia kwa vitendo vya walio chini yake na kwa vitu alivyo navyo mkononi. Vifungu hivyo vimechukuliwa, karibu neno kwa neno, kutoka vifungu vya 1382 hadi 1384 vya sheria ya Napoleon ya mwaka 1804. Mpaka leo ndivyo vinavyotajwa katika mahakama za Butembo na Beni.

Hata hivyo, sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya wote. Mzungu na yule Mkongo mmoja mmoja aliyeandikishwa rasmi waliishi chini ya sheria iliyoandikwa. Wenyeji waliobaki waliachiwa desturi zao. Amri ya 15 Aprili 1926 ikazipanga rasmi mahakama za wenyeji katika sheferi na sekta, na ile ya teritwari, chini ya jicho la mtawala Mbelgiji. Huku kwetu ndizo mahakama za Bashu na Watalinga upande wa Beni, na za Baswagha, Bamate na Batangi upande wa Lubero. Kwa miongo kadhaa, basi, mguu uliovunjika ulikuwa na sheria mbili kutegemea ni mguu wa nani.

Kuna kanuni moja ya wakati huo ambayo wanafunzi wetu hushangaa wanapoisikia. Katika kesi ya jinai, ikiwa aliyedhuriwa ni mwenyeji, hakimu aliagizwa kumtolea fidia hata kama hakuiomba. Kanuni hiyo iliendelea baada ya uhuru, ikaingizwa katika sheria ya kupanga mahakama ya 31 Machi 1982. Ukiisoma kwa haraka utaiona kuwa ni huruma, nayo imewasaidia wengi wasioweza kumlipa wakili. Lakini imejengwa juu ya dhana kwamba mwenyeji hajui kudai. Nadhani imetuachia pia mazoea ya kungoja: mdai hafundishwi kuleta hesabu ya hasara yake, maana hakimu atakadiria mwenyewe.

Naye hakimu hukadiria vipi? Katika hukumu nyingi za Kongo fidia hupangwa kwa maneno ya Kilatini, ex aequo et bono, yaani kwa kadiri ya haki na usawa kama hakimu anavyoona. Ni maneno mazuri, ila hayamlazimu aliyeyaandika kuonyesha njia aliyopita hadi kuifikia namba. Mchuuzi wa unga aliyepoteza mkono na karani aliyepoteza mkono wanaweza kupewa kiasi ambacho hakuna anayeweza kueleza kwa nini kimelingana au kimetofautiana.

Bima ilitarajiwa kuleta kipimo. Shirika la SONAS liliundwa mwaka 1966 na kupewa peke yake biashara yote ya bima. Sheria ya 5 Januari 1973 ikamlazimu kila mwenye gari kuwa na bima kwa ajili ya watu wengine. Mpaka huo wa kampuni moja ulivunjwa na sheria ya bima ya 17 Machi 2015, na kampuni nyingine zikaanza kupewa vibali mwaka 2019. Juu ya karatasi, basi, lori linaloshuka kutoka Kasindi kwenda Beni na pikipiki inayobeba abiria watatu katikati ya Butembo zote zina mtu wa kulipa nyuma yao. Barabarani, kijana anayeendesha pikipiki mara nyingi si mwenyewe. Humpelekea tajiri wake kiasi cha fedha kila jioni, na bima ndicho kitu cha mwisho katika hesabu hiyo.

Hapo ndipo parke inapoingia, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka. Sheria ya kesi za jinai ya 6 Agosti 1959 inamruhusu ofisa, katika makosa madogo, kumwalika mkosaji alipe faini pamoja na hasara ya aliyedhuriwa, na shauri likaishia hapo. Njia hiyo ni halali na ni ya haraka. Faini huenda kwa Serikali. Sehemu ya mgonjwa hubaki kuwa jambo la kusikilizana, na anayesikilizana akiwa amelala kitandani hana nguvu nyingi. Kuanzia Mei 2021, serikali ilipotangaza hali ya kuzingirwa Kivu ya Kaskazini na Ituri, kesi za jinai zilihamishiwa mahakama za kijeshi, na wananchi wengi waliona heri kupatana nyumbani kuliko kumfuata mwanajeshi kwa ajili ya mguu.

Miaka michache iliyopita niliombwa na jirani niandike karatasi ya mapatano ya namna hiyo, kwa kuwa mimi ni mwalimu. Kijana wake, fundi wa kushona, alikuwa amevunjika goti. Hospitali ilikuwa haijamruhusu kutoka kwa sababu deni halijalipwa, na kila siku ya kungoja iliongeza deni. Familia ya mwenye pikipiki ilikubali kulipa matunzo yote na kuongeza kitu kidogo cha chakula. Niliuliza kama tuandike jambo juu ya cherehani, ambayo inaendeshwa kwa miguu. Mjomba wa kijana, mtu mwenye busara, alinijibu kwamba tukiitaja cherehani wale watu wataondoka, na kijana atalala hospitalini hadi mwezi ujao. Niliandika kama walivyotaka. Sina uhakika mpaka sasa kama nilifanya vema.

Mtu atasema kwamba hayo ni mambo ya mji maskini, na kwamba mahakama kubwa hupima vizuri zaidi. Tutazame. Majeshi ya Uganda yaliingia Beni mwezi Agosti 1998. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, zikiwamo milioni 225 kwa ajili ya madhara ya watu, kwa mafungu matano ya milioni 65. Mahakama ilieleza kwamba ushahidi haukutosha kuhesabu kila dhara, ikatoa jumla moja. Kabla ya hapo, tarehe 24 Machi 2017, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilikuwa imewapa watu 297 walioathirika na shambulio la Bogoro, katika Ituri, dola 250 kila mmoja kama malipo ya ishara, pamoja na misaada ya pamoja. Na baada ya ugonjwa wa Ebola wa 2018 hadi 2020, ambao Beni na Butembo ziliuonja kuliko miji mingine, ilitangazwa Novemba 2023 kwamba Shirika la Afya Duniani lilikuwa limewapa wanawake wasiopungua 104, waliosema walidhulumiwa kimwili na wafanyakazi wa kupambana na ugonjwa huo, dola 250 kila mmoja.

Namba ile ile, mara mbili, kwa majeraha yasiyofanana hata kidogo. Wazee wa ekyaghanda wangeuliza angalau kama mwenye jeraha ana watoto.

Karatasi niliyoiandika ina mistari kumi na mmoja. Inataja jina la hospitali, gharama ya vyuma viwili, siku za kulala, na kiasi cha unga na maharagwe. Mstari wa mwisho unasema kwamba pande zote mbili zimesikilizana na kwamba hakuna atakayerudi nyuma. Kijana alitia sahihi akiwa amekaa kitandani, kisha akaniomba nimsomee tena mstari wa mwisho.