Baiskeli katika milima ya Alps: Likizo inayohitaji mwelekezi aliyehitimu

MILIMA ya Alps, inayopita katika nchi nane za Ulaya kuanzia Ufaransa na Monaco upande wa magharibi hadi Slovenia upande wa mashariki, imejulikana kwa miaka mingi kuwa makao ya michezo ya theluji. Hata hivyo, theluji inapoyeyuka mwezi wa Juni, mitambo ile ile inayowapandisha watelezaji wakati wa baridi huanza kuwapandisha watu wa aina nyingine: wageni waliovaa kofia ngumu na kinga za magoti, kila mmoja akiwa na baiskeli yake iliyojaa vumbi la jana.

Hawa ni watalii wa likizo za baiskeli za milimani. Wengi wao hununua likizo ya wiki moja ambayo bei yake hujumuisha malazi, chakula, usafiri kutoka uwanja wa ndege, mara nyingi ule wa Geneva, na huduma za mwelekezi anayewaongoza mchana kutwa. Ni huyu mwelekezi anayeitofautisha likizo ya aina hii na safari ya kawaida ya kitalii, na ndiye pia aliyezua mabishano mengi ya kisheria katika biashara hii.

Baiskeli yenyewe haikuzaliwa Ulaya. Chimbuko lake ni jimbo la California, Marekani, katika miaka ya sabini, ambapo kundi la vijana wa Marin County lilizoea kuteremka Mlima Tamalpais na viunga vyake kwa baiskeli kuukuu zenye matairi manene. Mbio zao zilizoanza mwaka wa 1976 ziliitwa Repack, kwa sababu breki ya nyuma ilipata moto kiasi cha kuunguza grisi yote, na kila baada ya mteremko ililazimu ifunguliwe na kujazwa grisi upya. Mwaka wa 1979, wawili miongoni mwao, Gary Fisher na Charlie Kelly, walianzisha kampuni ya kuuza baiskeli hizo. Mashindano ya kwanza rasmi ya dunia yaliandaliwa mjini Durango, Colorado, mwaka wa 1990, na mchezo huo ukaingia katika Olimpiki mjini Atlanta mwaka wa 1996.

Katika Alps mchezo huu ulishika njia mbili. Ya kwanza ni ya wasafiri. Mwaka wa 1989, Andi Heckmair alivuka milima hiyo kwa baiskeli kutoka Oberstdorf, kusini mwa Ujerumani, hadi Riva, mji ulio kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Garda nchini Italia. Jina la ukoo huo halikuwa geni kwa wapenda milima, kwani babake, Anderl Heckmair, alikuwa miongoni mwa watu wanne waliokuwa wa kwanza kuupanda uso wa kaskazini wa Mlima Eiger mwaka wa 1938. Njia ya mwana huyo imefuatwa na maelfu ya watu tangu wakati huo, na hadi leo safari za kuvuka Alps zikiongozwa na mwelekezi huchukua takriban wiki moja. Msafiri hupanda kwa nguvu za miguu yake, na mahali pengine, kama vile kwenye kipito cha Schrofen, hulazimika kuitwika baiskeli mgongoni na kutembea kando ya jabali.

Njia ya pili ni ya wanaoteremka tu. Hapa mgeni hupandishwa na kigari kinachoning'inia kwenye waya, akashuka kwa baiskeli, akapandishwa tena. Eneo la Portes du Soleil, linalounganisha vijiji kumi na viwili vya Ufaransa na Uswisi, ndilo mfano unaotajwa mara nyingi. Mtalii anayelala Morzine, upande wa Ufaransa, anaweza kula chakula cha mchana Champéry, upande wa Uswisi, na kurudi kabla ya jua kutua. Kijiji jirani cha Les Gets kiliandaa mashindano ya dunia mwaka wa 2004 na tena mwaka wa 2022. Kule Alpe d'Huez, nako, kuna mbio za Megavalanche zilizoanza mwaka wa 1995, ambazo kwa desturi huanzia juu ya barafu ya Pic Blanc, zaidi ya mita 3,300 juu ya usawa wa bahari, na kumalizikia bondeni Allemont, chini kwa zaidi ya mita 2,500.

Wasioujua mchezo huu hudhani kwamba kuteremka ni kazi ya mvutano wa dunia tu, na kwamba mwendeshaji hana la kufanya ila kukaa kitako. Ukweli ni kwamba hakai kabisa. Husimama juu ya pedali muda wote, magoti yakiwa yamekunjwa, huku mikono ikipokea kila pigo la jiwe na mzizi. Baada ya siku ya kwanza, viungo vinavyouma zaidi huwa viganja na mikono, si miguu. Mgeni mwenye hofu hushikilia breki bila kuachia, na mteremko ukiwa mrefu joto hupanda hadi umajimaji ulio ndani ya mabomba ya breki unaanza kuchemka. Hapo breki hulegea ghafla, wakati zinapohitajika zaidi. Ndiyo maana somo la kwanza la mwelekezi mzuri ni kufunga breki kwa nguvu na kwa muda mfupi mahali palipo sawa, kisha kuziachia kabla ya kona.

Kazi ya mwelekezi huanza kabla ya kigari cha kwanza kuondoka. Hukagua tairi, breki na springi za kila baiskeli, kisha huwapeleka wageni kwenye kijia chepesi na kuwatazama bila kusema mengi. Vijia vya maeneo haya hupangwa kwa rangi: kijani kwa wanaoanza, buluu, nyekundu, na nyeusi kwa waliobobea. Watu wengi hujipandisha daraja katika fomu wanazojaza nyumbani, na ni dakika hizo kumi za mwanzo zinazoonyesha nani ni nani. Mwelekezi hutangulia, akasimama kwenye kila njia panda hadi wa mwisho afike. Katika mkoba wake huwa na tyubu za akiba, vifaa vya kuziba pancha na kuunga cheni, dawa za huduma ya kwanza, ramani, simu, na blanketi jepesi la kumhifadhia majeruhi joto.

Jambo jingine analolichunga ni saa. Wakati wa kiangazi, mawingu hukusanyika juu ya Alps baada ya adhuhuri na radi hupiga alasiri. Radi inapokaribia, vigari husimamishwa. Kundi lililokuwa upande wa pili wa mlima hujikuta halina njia ya kurudi, isipokuwa kukodi gari la kuzunguka bonde zima au kukanyaga pedali hadi usiku. Mwelekezi anayekumbuka saa ya kigari cha mwisho ana thamani kuliko yule mwenye mbwembwe za kuruka hewani.

Swali la nani anastahili kuitwa mwelekezi ndilo lililozua mvutano mkubwa. Nchini Ufaransa, sheria ya michezo inamtaka kila anayefundisha au kuongoza watu michezoni kwa malipo awe na stashahada inayotambuliwa na serikali. Anayekiuka sheria hiyo anaweza kufungwa mwaka mmoja jela na kutozwa faini ya Yuro 15,000. Kwa miaka mingi, kampuni ndogo za Waingereza zilizojaa katika vijiji vya Ufaransa ziliwachukua vijana hodari wa baiskeli wasio na cheti hicho. Wateja waliambiwa kwamba vijana hao ni wenyeji wao tu, wanaowasindikiza kirafiki.

Hoja hiyo ilidhoofishwa na kesi iliyohusu mchezo wa theluji. Mwaka wa 2013, mahakama ya Albertville iliamua dhidi ya kampuni ya Uingereza iliyowatumia wafanyakazi wasio na stashahada ya Ufaransa kuwaongoza wateja wake milimani, na mwaka wa 2014 mahakama ya rufaa ikaunga mkono uamuzi huo. Mamlaka za Ufaransa zilishikilia kwamba suala ni usalama. Waingereza walilalama kwamba suala ni kulinda ajira za wenyeji. Pengine kila upande ulikuwa na chembe ya ukweli. Lakini kwa mteja ambaye mguu wake umevunjika, tofauti kati ya rafiki na mwelekezi si ya maneno matupu, kwa kuwa asiye na cheti huenda pia asiwe na bima ya kumlipia anayeumia mikononi mwake.

Kisha ikaja hatua ya Uingereza kujiondoa katika Muungano wa Ulaya. Tangu Januari 2021, Mwingereza wa kawaida huruhusiwa kukaa katika nchi za Schengen kwa siku 90 tu katika kila siku 180, na hawezi kuajiriwa huko bila kibali. Desturi ya vijana kuhamia Alps kwa msimu mzima na kuishi kwa vibarua ikapata pigo.

Sheria za njia nazo hutofautiana kutoka bonde moja hadi jingine. Nchini Austria, sheria ya misitu ya mwaka wa 1975 inamruhusu mtu yeyote kutembea msituni kwa mapumziko, lakini anayetaka kupita kwa baiskeli sharti awe na idhini ya mwenye msitu. Katika bonde la Chamonix, Ufaransa, vijia vingi hufungiwa baiskeli mwezi wa Julai na Agosti ili kuwapisha watembeao kwa miguu. Uswisi imekuwa na mkono mwepesi zaidi: mnamo Septemba 2018, takriban asilimia 73 ya wapigakura waliunga mkono njia za baiskeli kuingizwa katika katiba ya nchi. Mgeni anayejiongoza mwenyewe huwa hayajui haya hadi akutane na kibao au na mwenye shamba aliyekasirika.

Hatari nyingine huja msimu unapokaribia kwisha. Vigari vingi hufungwa katikati ya Septemba, wakati ambapo uwindaji huanza kuruhusiwa. Oktoba 2018, raia wa Uingereza aliyekuwa akiendesha baiskeli karibu na Les Gets aliuawa kwa risasi ya mwindaji. Mkasa huo ulizua mjadala mkali nchini Ufaransa kuhusu siku na mahali pa kuwinda.

Kuhusu uokoaji, mpaka wa nchi una maana kuliko wageni wengi wanavyofikiri. Nchini Ufaransa, kikosi cha polisi wa milimani kwa kawaida humwokoa mtu bila malipo, isipokuwa katika maeneo ya michezo ambako gharama zinaweza kutozwa. Nchini Uswisi, helikopta za shirika la Rega, lililoanzishwa mwaka wa 1952, hufika upesi sana, lakini ankara nayo hufuata. Kwa hiyo, katika eneo kama Portes du Soleil, upande wa kilele ambao mtu ameangukia unaweza kuamua nani atalipa. Nambari ya dharura ya 112 hufanya kazi pande zote.

Katika miaka ya karibuni mambo mawili yamebadilisha sura ya likizo hizi. La kwanza ni baiskeli yenye mota, ambayo kwa sheria za Muungano wa Ulaya husaidia kwa nguvu isiyozidi wati 250 na hukoma kusaidia mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Imewawezesha watu wa makamo kupanda vilima walivyovikatia tamaa. La pili ni joto. Barafu za Uswisi zilipoteza takriban asilimia sita ya ujazo wake mwaka wa 2022 na asilimia nne mwaka wa 2023, na vijiji vilivyotegemea theluji pekee vinazidi kuutazama msimu wa kiangazi kama riziki. Hata wanaoandaa Megavalanche wamekuta barafu ya kuanzia mbio zao ikisinyaa.

Kwa Wakenya, milima hii si ngeni kabisa katika habari za michezo. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985 na kunolewa na David Kinjah kwenye vilima vya Kikuyu, alishinda Giro d'Italia mwaka wa 2018 baada ya kuwakimbia wenzake akiwa peke yake kwa takriban kilomita 80, akianzia kwenye kipito cha Colle delle Finestre ambacho sehemu ya juu haijatiwa lami.

Anayetaka kwenda mwenyewe sharti apate viza ya Schengen, ambayo ada yake kwa mtu mzima ilipandishwa hadi Yuro 90 mnamo Juni 2024. Ubalozi humtaka pia awe na bima ya matibabu ya angalau Yuro 30,000. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Bima inayotosha kupata viza mara nyingi huondoa michezo ya hatari katika orodha yake, na kuteremka mlima kwa baiskeli huhesabiwa humo. Gharama ya helikopta nayo huenda isitajwe kabisa. Inafaa kuisoma hati hiyo hadi ukurasa wa mwisho kabla ya kulipa, na kumtaka mwenye kampuni aonyeshe cheti cha mwelekezi pamoja na bima yake.